Siku Niliyompima Mama Mkwe Presha Nikiwa Kidonge

Jamani, mimi nimeaibika mara nyingi maishani, na aibu nyingi nimezisahau kwa hiari yangu mwenyewe, lakini hii moja hata nikitaka kuisahau watu wa mtaa wa Langas hawataki, kwa sababu mpaka leo nikipita karibu na soko kuna mama mmoja anayeuza sukuma wiki ambaye hunisalimia kwa kuuliza, "Daktari, leo umevaa?" na wateja wake wote wanageuka kunitazama kuanzia kiunoni kwenda chini. Nacheka pamoja nao. Ningefanya nini? (Na mimi si daktari, jamani. Mimi ni mtu wa famasia, cheti changu kimening'inia ukutani, lakini hapa Eldoret ukisimama nyuma ya kaunta ya kemisti na koti jeupe basi wewe ni daktari, na ukikana sana watu wanadhani umefukuzwa mahali.)

Kwanza nieleze jambo moja kwa wale ambao hawakuoa kwetu. Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, na kwetu mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Humshiki mkono, hukai naye chumba kimoja, hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia shamba la mahindi mpaka mwingine apite. Si chuki, ni heshima, na inaendelea hivyo mpaka siku mtakapofanyiana taratibu zenu mbele ya wazee, mkapeana zawadi, ndipo mnaweza kusalimiana kama watu wengine. Sisi tulikuwa bado. Miaka minne ya ndoa, mtoto mmoja, Imani, na kila mwaka tunasema tutafanya Desemba. Vijana wengi wa siku hizi wameacha mambo hayo, utawaona wanapiga picha na mama wakwe wamekumbatiana, lakini Mama Selina, mama mkwe wangu, hakuwa ameacha, na mimi kwa Mama Selina nilikuwa tayari kufuata hata yale ambayo mababu wenyewe walikuwa wameshasahau.

Maana huyu mama tuna historia naye. Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, Nafula, ambaye sasa ni mke wangu, alipata mimba yetu, na wajomba zake wakakaa kikao cha kunisulubisha, huyu anasema niache masomo nikatafute kazi ya mjengo, yule anasema nipelekwe kwa chifu, mimi nimekaa katikati yao kwenye kigoda nikitazama viatu vyangu, na ndipo neno likaletwa kutoka jikoni, kwa mdomo wa mama ambaye hakuwa hata ameniona uso: "Huyo kijana aachwe amalize shule. Mtoto hali hasira." Wajomba wakanyamaza. Nilimaliza. Kazi yote ninayofanya leo nimeipata kwa sababu ya maneno hayo ya jikoni, na kwa miaka minne sikuwa nimepata nafasi ya kumwambia asante, kwa sababu utamwambiaje asante mtu ambaye ukimwona tu unaruka mtaro?

Sasa tuje kazini. Bosi wetu, Madam Jeruto, alianza na kemisti moja ndogo mjini na sasa anazo sita, na mwaka huo kampuni moja kubwa kutoka Nairobi ikafungua duka lake Langas, milango ya vioo, taa mchana kutwa, na dawa wanaziuza kwa bei ambayo sisi hata tukinunua kwa jumla hatuipati. Madam akatuita mkutano. Hakupiga kelele (yeye hapigi kelele, anavua miwani tu, na hiyo inatosha). Akasema, "Kwa bei hawa hatuwawezi, tuache kujidanganya. Lakini wao wanamjua mtu kwa risiti. Sisi tumjue kwa jina. Nataka kila mtu wa presha na sukari awe na kadi kwetu, tujue anakunywa nini, inaisha lini, na ikikaribia kuisha tumpigie simu kabla yeye mwenyewe hajakumbuka." Mpango mzuri sana, mimi nilipiga makofi. Akasema pia kila Jumamosi tupime presha bure nje ya duka, na mtu wa famasia akae na wagonjwa awaulize maswali, si kuwarushia dawa kupitia kadirisha. Hapo pia nilipiga makofi. Halafu akatuonyesha Kidonge, na makofi yakapungua.

Kidonge kilishonwa na fundi wa sofa. Kilikuwa ni godoro, nusu jekundu nusu njano, refu kama mlango, lenye matundu mawili ya macho, mawili ya mikono, miguu inaingia kama kwenye suruali, na zipu mgongoni ambayo mtu hawezi kuifikia mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kusimama barabarani na kucheza muziki ili watu wavutike. Aliyekuwa akikivaa ni soja, yaani mlinzi, wa tawi letu la Langas, mwanamume mzima mwenye wajukuu, ambaye alikubali kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, kwa hivyo nami silitaji.

Mimi kwa kawaida niko tawi la mjini. Lakini Ijumaa moja jioni, mwezi wa Julai, Madam akanipigia kwamba mwenzangu wa Langas ameenda kujifungua mapema, nikashike pale kesho, na yeye atapitia saa tano aone kama tawi lile lina uhai au lifungwe. Nilifika nyumbani Nafula amelala, nikaondoka asubuhi hajaamka, kwa hivyo hakukuwa na mtu hata mmoja wa ukoo aliyejua kwamba niko Langas. Na Mama Selina alikuwa amekuja Eldoret, amefikia kwa dada yake mtaa wa Munyaka (kwangu hawezi kulala, mnaelewa), na kanisani huko Munyaka akapewa ile karatasi yetu ya matangazo, akaona matawi yote sita, akajua mkwe wake yuko mjini, akaamua kuupita mji mzima aende akapimwe Langas, mbali na macho yangu. Yaani mama wa watu alikuwa ananikimbia mimi.

Saa nne hivi foleni ilikuwa ndefu. Akinyi, msaidizi wetu wa pale, mama wa watoto watatu kutoka Kisumu ambaye hawezi kunong'ona hata kwenye matanga, alikuwa nje kwenye hema na mashine ya presha, na mimi ndani nyuma ya kaunta nikingoja wale ambao vipimo vyao vimepanda. Nikainua macho nitazame foleni. Mtu wa nne: kitambaa cha kichwa cha kijani ninachokijua kutoka mbali, mkoba umekumbatiwa kifuani kwa mikono miwili. Miguu yangu iliamua kabla yangu. Nilijikuta nimechuchumaa nyuma ya kaunta katikati ya maboksi ya dawa ya kikohozi, natazama vumbi ambalo hakuna mtu hulifagia.

Muda si muda nikasikia hatua. "Daktari? Daktari ako wapi?" Halafu kichwa cha Akinyi kikatokea juu yangu. "Wewe, unafanya nini hapo chini?"

Hapo ndipo nilipojiharibia. Ningesema tu, "Akinyi, yule ni mama mkwe wangu," mambo yangeisha, maana Akinyi ni Mjaluo, kwao pia mkwe ni mkwe, angenifunika na khanga na kunipitisha nje kama mzigo wa mitumba. Lakini niliona haya, mtu mzima, mwenye cheti, nimejikunja sakafuni.

"Natafuta kalamu," nikasema.

"Iko kwa sikio."

"Ile nyingine."

"Basi tafuta haraka. Kuna mama hapo nje ako na mia mbili na nne kwa mia moja na kumi na nane. Nimepima mara mbili nikidhani mashine imeharibika. Namleta ndani umwone."

"Mama gani?"

"Wa kitambaa cha kijani."

Wale ambao hamjui hesabu za presha, niwaambie tu kwamba mtu wa mia mbili na nne hapaswi kuwa amesimama kwenye foleni, hapaswi kuwa amebeba hata mkoba. Kwa hivyo nilikuwa na hofu mbili kwa wakati mmoja, ya kwanza kwamba ataniona, ya pili kwamba ataanguka, na badala ya kuzipanga vizuri nikazichanganya, nikajiambia nitatokea mlango wa nyuma, nimpigie Akinyi simu, nimwelekeze kila kitu nikiwa barabarani. Nikatambaa kwa magoti mpaka stoo. (Kulikuwa na kijakazi, hapana, nisimwite hivyo, kulikuwa na dada mmoja anayenunua nepi, akaniona nikipita chini ya kaunta, akasema, "Pole, Daktari," kwa huruma kabisa, nami nikamjibu, "Asante.") Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa. Ufunguo alikuwa nao soja. Soja alikuwa ameenda kunywa chai. Na Kidonge kilikuwa kimeegemea ukuta, matundu yake mawili ya macho yakinitazama.

Nikaona hiyo ndiyo njia. Nitavaa, nitatoka nikicheza, nipite mbele ya watu wote mpaka nyuma ya hema, nivue, nipige simu. Shida ni kwamba soja wetu ni mwembamba na mimi napenda ugali. Nikavua koti, hakikuingia. Nikavua sweta na shati, bado. Nikavua suruali. Na hapa lazima niungame kitu, msinitazame hivyo: Julai ya Eldoret baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na Nafula ana taiti za waridi, za manyoya ndani, zenye joto kuliko suruali yoyote niliyowahi kununua, na kwa wiki mbili nilikuwa nikizivaa chini ya suruali zangu bila kumwambia mtu. Sasa Kidonge kikaingia. Zipu niliifunga kwa kusugua mgongo kwenye ndoano ya mlango, na sijui hata leo niliwezaje.

Nilipotoka stoo nikicheza, Mama Selina alikuwa tayari ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, katikati ya njia, kati yangu na mlango. Akinyi akanitazama, akatazama chini.

"Hivyo viatu ni vya daktari," akatangaza. Nikamkonyezea jicho, lakini nani anaona jicho ndani ya godoro? Halafu akili yake ikajitafutia maelezo. "Aaa! Unataka Madam akikuja akupate hivi! Mama, usiogope. Huyu ndiye daktari wetu. Leo ako ndani ya kidonge."

Mama Selina akanitazama kutoka juu mpaka chini, taratibu. "Bwana asifiwe," akasema, kwa tahadhari.

"Amina," nikajibu, kwa sauti nyembamba ambayo sijui niliitoa wapi.

Ningeweza bado kutoroka, lakini kwa yale matundu ya macho nilimwona vizuri kwa mara ya kwanza maishani. Mara zote nilikuwa nimemwona mgongo, au ncha ya leso ikiingia kwenye mahindi. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Alikuwa akifinya macho kama mtu anayesumbuliwa na mwanga, na kila mara anagusa upande wa kichwa chake kwa vidole viwili. Nikakaa kwenye kiti cha pili (nusu ya makalio, nusu nyingine haikutoshea), nikamwambia Akinyi ampime tena. "Si upime wewe?" akauliza Akinyi. "Funga wewe," nikamwambia, kwa sababu hata ndani ya godoro sikuweza kumgusa. Mia mbili na sita.

"Mama, kichwa kinauma?"

"Kinagonga tangu Alhamisi. Na macho yanaona kama nyota."

"Unakunywa dawa ya presha?"

"Nakunywa."

"Kila siku?"

"Kichwa kikiuma nakunywa. Kikinyamaza na mimi nanyamaza. Mbona niamshe kitu kimelala?"

Akafungua mkoba, akatoa kitambaa cha mkono kilichofungwa fundo, akakifungua kwa meno. Ndani kulikuwa na vidonge vya presha vingi ajabu, ambavyo vilipaswa kuwa vimeisha miezi miwili iliyopita, na pembeni vingine vikubwa vya manjano, vichache tu vimebaki. Hivyo vya manjano ni vya magoti, alinunua kwa mtu wa kibanda sokoni, na hivyo alikuwa anameza mara tatu kila siku bila kukosa. Na hivyo ndivyo vinavyopandisha presha. Mama wa watu alikuwa anauzima moto kwa kikombe cha maji na kuuchochea kwa kuni.

Sasa kwenye ile kadi ya Madam kuna swali la mwisho, ambalo lazima tumwulize kila mgonjwa. Nikauliza. "Nyumbani ni nani anajua dawa zako?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

Akakunja kitambaa chake, akakikunjua. "Niko na mkwe ni mtu wa dawa kama wewe. Lakini mkwe ni mkwe. Nikiambia msichana wangu, atamwambia. Tena huyo kijana..." Akakipapasa kitambaa magotini. "Sidhani ananipenda. Heshima naijua, mimi mwenyewe nimezaliwa ndani yake. Lakini yeye amezidisha. Ananikimbia hata nikiwa ng'ambo ya mto. Mwaka jana kwa mazishi aliniona akaingia kwa choo akakaa huko mpaka nikaenda. Nikajiambia, Selina, huyu mtoto umemkosea mahali. Sasa si nitamletea tena na magonjwa?"

Ilikuwa kweli. Nilikaa kwenye choo kile saa nzima, watu wakigonga. Na mimi nilikuwa nimetoka pale najisifu, nikidhani hakuna mkwe mwenye adabu kama mimi Bungoma yote, kumbe kila nilipoingia mtaro yule mama alikuwa anahesabu makosa yake. Nililia, wenzangu. Nililia ndani ya godoro, na mikono ya Kidonge ni mifupi, haifiki machoni.

Nikasafisha koo. "Mama, lazima uende hospitali. Sasa hivi. Si kesho."

"Gari yangu ya Bungoma ni saa sita. Ng'ombe wangu hakubali kukamwa na mtu mwingine."

"Mama, presha hii haingoji ng'ombe. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Na mficha uso je?" akasema, na watu waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Naye akatabasamu kidogo, akaanza kufunga fundo lake. "Wewe ni mtoto mzuri, nasikia kwa sauti. Lakini nikifika hospitali waniulize nani amekutuma, niseme nani? Godoro?" Akasimama. Na aliposimama nikamwona akishika kaunta kwa nguvu, akafumba macho, akangoja dunia itulie, kisha akaanza kutembea kuelekea mlangoni.

Pale nilijua. Kidonge kinaweza kumwambia mtu ukweli wote wa famasia na asisikie. Mkwe akimwomba, labda atasikia. Na yule mama akipanda gari lile na kitu kimpate kichwani njiani, hiyo heshima yangu nitaipeleka wapi, nitaizika naye?

"Akinyi, fungua zipu!"

"Sasa?"

"Sasa!"

Akinyi akavuta zipu, zipu ikakataa, ilikuwa imekula fulana yangu. Akavuta tena. Nikaanza kuzunguka, naye anazunguka nyuma yangu, tukaangusha stendi nzima ya miswaki, na katikati ya hayo yote nikasikia kimya kimeingia mlangoni, na nilipogeuza matundu ya macho upande huo nikamwona Madam Jeruto, anavua miwani.

"Nini hii?"

"Madam, shika miguu!" Akinyi akampigia kelele bosi wetu, na Mungu ambariki Madam, akaweka mkoba chini akashika miguu, wakavuta huku na huku, mlango umejaa watu, simu ziko juu, mpaka kitambaa kikapasuka kwa sauti kubwa na mimi nikatoka kama ndama anayezaliwa, nikaanguka katikati ya duka nikiwa na fulana nusu, viatu vyeusi, na taiti za waridi.

Hakuna aliyecheka. Nadhani walikuwa bado wanatafuta waanzie wapi. Mama Selina alikuwa amegeuka kwa ile kelele, na akatazama, si uso wangu, akatazama miguu.

"Hizo taiti nilimnunulia Nafula," akasema polepole. "Sokoni Chwele. Za baridi."

Kisha akaelewa. Akajifunika uso kwa kitambaa chake chote, akanigeuzia mgongo, na mimi nikageukia rafu za nepi. Kwetu mkwe kuonekana hivyo mbele ya mama mkwe ni jambo la kuitiwa wazee. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini nilikuwa nimeshaaibika kila aibu iliyoko duniani, hakuna iliyokuwa imebaki ya kuogopa, kwa hivyo nikasema, huku nimeziangalia nepi, "Mama."

Halafu nyuma yangu: "Baba Imani. Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Umekuwa hapo ndani wakati wote?"

"Wakati wote."

"Umesikia."

"Nimesikia. Mama, hujanikosea popote. Mimi nimesoma kwa sababu yako. Ulisema niachwe nimalize shule, na sijawahi kukwambia asante, kwa sababu nilidhani kukukimbia ndiyo asante. Nakuogopa kwa sababu nakupenda. Sasa nakuomba, usipande hiyo gari. Nenda hospitali. Ukianguka njiani nitamwambia nini Nafula? Nitamwambia nilikuona na nikanyamaza?"

Nilisikia Akinyi akinong'ona, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, "Kumbe ni mkwe. Si ungesema?"

Halafu Mama Selina akavuta kamasi. "Nitaenda," akasema. "Lakini vaa kwanza. Watu wanapiga picha."

Tukaenda kwa boda mbili. Ya mbele imembeba yeye na Akinyi, polepole, Akinyi amemshika kiuno na anamwambia dereva akipita shimo lolote atamwona, na ya nyuma imenibeba mimi, nikiwa na koti jeupe nililolifunga vifungo vibaya, umbali wa heshima. Hospitalini nilikaa upande mmoja wa ukuta na yeye upande wa pili, na maswali ya daktari (wa kweli sasa) yalipita kwa Akinyi kwenda na kurudi. Walimlaza siku mbili. Daktari alimwambia dada yake wa Munyaka kwamba kama angepanda gari lile, huenda angefika Bungoma lakini asingeweza kusema amefika. Nafula alilia, kisha akacheka mpaka akakaa chini, kisha akalia tena, kisha akaulizia taiti zake.

Madam naye Jumatatu alinipa barua ya onyo kwa ajili ya mavazi yasiyofaa kazini, imepigwa muhuri, ninayo hadi leo. Tawi la Langas hakulifunga. Watu walikuja wiki nzima kuona mahali Kidonge kilipasuka, na wakishacheka wakatosheka, mmoja mmoja wanachelewa kuondoka, wanafungua mkoba, wanatoa fundo la kitambaa au karatasi ya gazeti, wanauliza kwa sauti ya chini, "Na hizi zangu je, Daktari?" Kadi zilijaa. Yule ng'ombe alikamwa na jirani, na alikubali bila shida yoyote.

Sasa mnauliza nimejifunza nini. Nimeapa kwamba siku nyingine nikibanwa na haya nitasema neno moja la kweli kwa mtu aliye karibu nami, mapema, nikiwa bado nimevaa. "Mkwe." Lingetosha. Na nimejua kwamba unaweza kumheshimu mtu mpaka akadhani unamchukia, na hilo linaniuma kuliko zile picha zote.

Desemba hiyo hatukusema tena tutafanya mwaka ujao. Wazee walikuja, blanketi likatolewa, kuku akatolewa, nikatozwa pia kondoo kwa ajili ya kosa la Langas (wazee walitaka nilieleze kosa lenyewe mara mbili, na mara ya pili nadhani haikuwa ya lazima). Kisha wakatuambia tusalimiane. Mama Selina akanyoosha mkono, nami nikaushika, mara ya kwanza, mkono mkavu wenye nguvu wa mtu wa jembe, na nilikuwa nimepanga maneno ya kusema lakini yote yakapotea, na kwa mazoea ya kazi vidole vyangu vikasogea vyenyewe mpaka kwenye kifundo, vikatafuta mshipa, vikaanza kuhesabu. Ulikuwa unapiga vizuri, taratibu. Sikutaka kuuachilia.

"Wacha kunipima mbele ya wazee," akasema, akinitazama usoni. "Nimemeza asubuhi."